Sally Spectra Hakustahili Kuachwa Ufaransa

Shangazi yangu alikuwa fundi wa nguo za kike huko Majengo, Mombasa. Chumba chake cha kazi kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na juu ya kabati la vitambaa televisheni ya Great Wall isiyo na rangi. Jioni za The Bold and the Beautiful mguu wake ulitoka kwenye kanyagio. Majirani waliingia mmoja mmoja, wengine na watoto mgongoni, wakaketi sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa, na hakuna aliyethubutu kuzungumza mpaka tangazo la kwanza.

Wengi wao walikuja kumtazama Ridge. Shangazi alikuwa akimsubiri Sally Spectra.

Kwa wasiokumbuka: tamthilia hii ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 23 Machi 1987, ikiwa imebuniwa na William J. Bell na mkewe Lee Phillip Bell. Kitovu chake ni familia ya Forrester ya Los Angeles, Eric na Stephanie na watoto wao, Ridge akiwa mmoja wao, wenye kampuni ya mitindo inayovalisha matajiri. Sally aliingia mwaka 1988. Yeye alikuwa na Spectra Fashions, karakana iliyojaa kelele na madeni, na biashara yake ilikuwa kuiga. Forrester wakitoa gauni leo, Sally alitaka mfano wake uwe dukani kabla hawajamaliza kupongezana. Alipeleka wapelelezi, aliiba michoro, na akikamatwa alicheka kicheko kilichotikisa hereni zake kubwa.

Shangazi alimwelewa mwanamke huyu kuliko alivyowaelewa wote wengine mle ndani. Asubuhi baada ya kipindi wateja walikuwa mlangoni. Mmoja alitaka mabega kama ya Stephanie, mwingine alitaka mgongo wazi kama wa Brooke, mpenzi wa Ridge, ila ufunikwe kidogo kwa sababu ya mama mkwe. Shangazi alikuwa ameshachora. Alikata mifano kwenye magazeti ya zamani, akayabana kwa pini juu ya kitambaa, na kufikia Ijumaa mshono uliovaliwa Beverly Hills ulikuwa unapita mtaani kwetu kuelekea arusini. Niliwahi kumuuliza kama huo si wizi. Akaniambia, “Macho hayana pazia, mwanangu. Wao wamenionyesha, mimi nimeona.”

Televisheni ya rangi ilipofika nyumba ya jirani, tulihamia kwake kwa jioni kadhaa. Ndipo tulipojua kwamba nywele za Sally ni nyekundu, nyekundu ya kuwaka, zimepandishwa juu kama kilemba. Shangazi, ambaye nywele zake mwenyewe zilikuwa na wekundu wa hina tangu nimjue, alishika kifua. “Kumbe naye katia hina!” Tangu siku hiyo Sally alikuwa ndugu.

Naandika haya kwa sababu kila mashabiki wa tamthilia hizi wakikutana, swali ni lile lile: nani aliondoka mapema, nani angerudishwa. Majina yanayotajwa huwa ya wapenzi, fulani na fulani walipendezeana, wangerudi waoane. Sina ugomvi na hilo. Lakini nimeitazama tamthilia hii sehemu kubwa ya maisha yangu, na kinachonikereketa hakihusu mapenzi. Kinahusu nani hufufuliwa na nani huachwa alale.

Maana katika tamthilia hii kifo hakijawahi kuwa kizuizi. Caroline Spencer, mke wa kwanza wa Ridge, alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1990, nasi tulilia kweli. Mwaka uliofuata mwigizaji wake, Joanna Johnson, alirudi akiwa Karen, pacha ambaye hakuna aliyejua kwamba yupo. Taylor Hayes, mke mwingine wa Ridge, amezikwa na kuliliwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa ajali ya ndege, kumbe mwanamfalme wa Morocco aitwaye Omar amemwokoa na kumweka katika kasri lake. Mara ya pili, mwaka 2002, alipigwa risasi na Sheila Carter, mhalifu mkuu wa tamthilia hii, akaagwa mbele ya watoto wake. Mwaka 2005 huyo, amerudi. Omar yule yule ndiye aliyemchukua na kumtibu.

Na Sheila mwenyewe! Mwaka 2024 Steffy, mjukuu wa Stephanie, alimchoma kisu, na mwili ukawa tayari kwa kuchomwa moto. Deacon, mwanamume aliyempenda Sheila, akaitazama miguu. Vidole kumi. Naye Sheila alikuwa na tisa, kwa sababu aliwahi kujikata kimoja ili watu waamini ameliwa na dubu. Basi aliyekufa alikuwa mwanamke mwingine aliyefananishwa naye, na Sheila akarudi kwenye hadithi kwa hesabu ya kidole cha mguu.

Siwacheki waandishi kwa hayo. Hadithi ya kila siku kwa miaka karibu arobaini ina njaa, inakula kila kitu, na mtazamaji anayependa mhusika atakubali lolote ili amwone tena. Mimi pia nilishangilia Taylor aliporudi. Ninachosema ni kwamba mlango uliokuwa wazi kwa hao haukuwahi kufunguliwa sawasawa kwa watu wa Spectra.

Chukua Darla. Darla Einstein, aliyeigizwa na Schae Harrison, alikuwa msichana wa mapokezi pale Spectra tangu mwishoni mwa miaka ya themanini. Nguo za kung'aa, sauti ya juu, moyo mweupe. Kwa miaka mingi kazi yake katika hadithi ilikuwa kupokea simu na kumsikiliza Sally. Halafu polepole waandishi wakampa maisha. Akampenda Thorne Forrester, yule mdogo wa Ridge ambaye kwao hakuna aliyemtilia maanani, na akaolewa naye. Wakapata binti, Alexandria, waliyemwita Aly. Kwetu sisi tuliokaa juu ya sakafu ile, hii ilikuwa kama binti wa mtaani kuolewa nyumba kubwa bila kubadilika. Hakujifunza kuzungumza kama wao. Alibaki Darla.

Mwaka 2006 wakamuua. Phoebe, mmoja wa mabinti wa Ridge na Taylor, alipata pancha usiku barabarani. Darla akaenda kumsaidia. Taylor naye alikuwa njiani kumfuata bintiye, amelewa, na hakuwa na ruhusa ya kuendesha gari. Akamgonga Darla. Kilichofuata ndicho kinachonitia uchungu mpaka leo: miezi ya hadithi kuhusu mateso ya Taylor, siri ya Taylor, dhamiri ya Taylor, mpaka Thorne, mgane wa marehemu, akaangukia kumpenda aliyemuua mkewe. Darla aliyekwenda kubadilisha tairi aligeuzwa kuwa tukio katika maisha ya mwingine.

Haikuishia hapo. Aly alikuzwa haraka kama watoto wa tamthilia wanavyokuzwa, akarudi mwaka 2013 akiwa msichana mkubwa, akiigizwa na Ashlyn Pearce. Alikuwa mkimya, mwenye wasiwasi, anamwona mama yake aliyekufa na kuzungumza naye. Schae Harrison alirudishwa kwa ajili ya maono hayo, na yeyote aliyekuwa amemkosa Darla alijua mara moja alichokuwa amepoteza. Lakini maono hayo yalikuwa ushahidi kwamba Aly ni mgonjwa. Mwaka 2015, kando ya barabara tena, tairi tena, Aly alimvamia Steffy kwa chuma cha kufungulia tairi, na Steffy katika kujitetea akampiga nacho. Akafa.

Steffy ni binti wa Taylor. Mama alikufa mkononi mwa mama, na binti mkononi mwa binti. Niliposimamisha simu yangu baada ya kipindi kile nilikaa kimya muda mrefu. Kizazi kizima cha Darla kilikuwa kimefutwa barabarani, na nyumba iliyowafuta ilikuwa na picha zake ukutani kama kawaida, imekwenda kazini kesho yake.

Aly ndiye niliyetaka abaki kuliko wote wa kizazi chake. Forrester kwa baba, Spectra kwa mama: kuna msichana gani mwingine katika hadithi ile aliyekuwa na haki ya kushika mkasi wa pande zote mbili? Wangeweza kumpa matibabu, daktari, dawa, miaka miwili ya kupona mbele ya macho yetu. Tamthilia inayopita kila siku ya kazi ina kitu ambacho filamu haina, nacho ni muda. Kupona kwa kweli huchukua muda. Ni hadithi iliyokuwa imewakalia mapajani.

Macy, binti wa Sally, yeye walau alifufuliwa mara moja. Bobbie Eakes alimwigiza tangu mwaka 1989, mwimbaji mwenye sauti nzuri na pambano la muda mrefu na pombe, na kuoana kwake na Thorne na kuachana naye kulitukalisha macho miaka. Mwaka 2000 gari alilokuwemo pamoja na Brooke lilipata ajali na kulipuka, Brooke akaokoka. Baadaye ikajulikana Macy yuko Italia, hai. Akarudi, na mwaka 2003, akiwa jukwaani anaimba, taa kubwa ya kuning'inia ikamwangukia. Mwigizaji akaenda tamthilia nyingine. Taa ya kuning'inia, kwa mwanamke aliyekuwa amepigana na chupa miaka kumi. Sitaki kulikalia sana hili.

Najua kuna sababu ambazo hatuzioni kwenye kioo. Kipindi chenyewe ni cha nusu saa, na ukitoa matangazo hubaki dakika ishirini na kitu. Waigizaji wakuu wana mikataba inayowahakikishia idadi ya vipindi, wengine huitwa wanapohitajika tu. Kila nyumba katika hadithi inahitaji vyumba vyake, na ukiwa na karakana ya Spectra unahitaji meza zake, wafanyakazi wake, ukuta wake, nafasi katika ukumbi wa kurekodia. Fedha zikibana, kinachokatwa kwanza ni nyumba ya pili. Wanabaki wale ambao jina lao limeandikwa kwenye jengo kubwa. Sababu naielewa. Ila naona pia kwamba ndivyo ilivyo hata nje ya televisheni, kwamba anayeondolewa kwanza ni fundi.

Na Sally?

Darlene Conley aliugua saratani ya tumbo mwaka 2006. Alifariki tarehe 14 Januari 2007, akiwa na umri wa miaka 72. Alikuwa amemwigiza Sally kwa miaka kumi na minane. Aliteuliwa mara mbili kuwania tuzo ya Emmy ya vipindi vya mchana, na sanamu yake ya nta iliwekwa katika jumba la Madame Tussauds huko Amsterdam, heshima ambayo watu wa tamthilia za mchana kwa kawaida hawaipati. Mwanamke mnene, wa makamo, mwenye sauti ya kupasua, katika tamthilia iliyojaa wasichana wembamba: na watazamaji wa nchi zaidi ya 100 walimpenda.

Habari niliipata Nairobi, kwenye saiba iliyokuwa ikitoza kwa dakika. Nilizima kompyuta kabla muda wangu haujaisha. Likizo ya Pasaka nilipofika Mombasa nilimkuta shangazi anapinda pindo la gauni la bibi arusi, na nikamwambia. Aliendelea mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

“Na Sally? Wamemzika?”

Nikamweleza nilivyosoma. Mwigizaji amekufa, Sally hajafa. Wahusika wengine wanasema yuko Ufaransa, pwani ya kusini, anastarehe na vijana wanamhudumia.

“Basi yuko safarini,” akasema.

Nililipenda jibu hilo wakati ule, na naamini waandishi walikusudia wema. Hawakutaka kumtia mwigizaji mwingine katika viatu vya Darlene Conley, na heshima hiyo nawapa. Ridge alibadilishwa uso, Ronn Moss akatoka mwaka 2012 na Thorsten Kaye akaingia mwaka uliofuata, na maisha yakaendelea. Thorne amekuwa na nyuso nne. Sally wa Darlene hakuguswa.

Lakini kutomgusa mtu si sawa na kumuaga. Mtu aliyekufa huliliwa, na katika kumlilia ndipo walio hai husema walichokuwa hawajasema. Stephanie na Sally walikuwa na mengi ya kusema. Walichukiana kwa miaka, waligombania heshima, na Sally alimpenda Eric, mume wa Stephanie, penzi ambalo hakulificha na hakulipata. Halafu umri ukawasogeza. Zilikuwapo siku wanawake hawa wawili walikaa pamoja wakazungumza kama watu waliopigana vita moja kutoka pande mbili, na Susan Flannery, aliyemwigiza Stephanie, ambaye kwa wote wengine alikuwa jiwe, mbele ya Darlene Conley alilainika hadi kwenye macho. Sijaona wawili wengine katika tamthilia ile waliotazamana hivyo.

Stephanie alipewa kifo chake. Mwaka 2012 Susan Flannery aliamua kustaafu, na waandishi wakampa wiki kadhaa za saratani ya mapafu, karamu ya kuagana akiwa bado hai, na mwisho kabisa nyumba ya milimani huko Big Bear, mikononi mwa Brooke, adui yake wa miaka ishirini na tano. Ni kazi nzuri kuliko zote walizowahi kufanya. Niliitazama nikiwa peke yangu na nilihitaji kitambaa. Na katikati ya karamu ile nilikuwa namtafuta mtu mmoja. Miaka mitano na ushei tangu Darlene aondoke, Sally bado “yuko Ufaransa”. Rafiki wa Stephanie anakufa, naye hata simu hapigi.

Barua tu ingetosha. Isingehitaji mwigizaji wala ukumbi. Stephanie anafungua bahasha, anasoma kimya, anacheka, anaifunga. Hatuhitaji hata kujua kilichoandikwa.

Mwaka 2017 nilidhani wamesikia. Spectra ilifunguliwa upya na msichana aitwaye Sally Spectra, mjukuu wa Shirley, dada wa Sally wetu, akiigizwa na Courtney Hope. Alikuja na mdogo wake Coco, na Saul Feinberg kijana, mjukuu wa yule Saul fundi wa zamani aliyempenda Sally. Walianza kama ilivyopasa, kwa kuiba: walificha kamera ndani ya pambo alilovaa Coco akiwa kwa Forrester. Nilimpelekea shangazi simu yangu. Alivaa miwani. Alimtazama msichana, nywele nyekundu, mikono kiunoni.

“Huyu wa dada yake,” akasema. “Mwenyewe yuko wapi?”

“Ufaransa.”

“Mpaka leo?”

Sikuwa na la kumjibu. Na furaha yenyewe haikudumu. CJ, mwana wa Sally, ndiye aliyemuuzia tajiri Bill Spencer jengo la mama yake, kwa sababu Bill alitaka kiwanja ajenge ghorofa ndefu. Mwishowe Bill alililipua jengo huku mtoto wake mwenyewe, Liam, yumo ndani pamoja na Sally kijana. Nilipoliona likianguka nilifikiria chumba cha Majengo, ambacho wakati huo mwenye nyumba alikuwa amekwisha kutoa notisi, na shangazi alikuwa ameanza kugawa mifano yake ya magazeti kwa mafundi vijana.

Sally kijana alibaki miaka michache zaidi. Mwaka 2020 wakamfanya ajisingizie ugonjwa wa kufisha ili asiachwe na mwanamume, na kumfungia mwanamke mwenzake aliyegundua uongo huo. Jina lililobebwa na mwigizaji aliyekufa kwa saratani kweli, likapewa msichana anayeigiza kufa. Hilo sijawasamehe. Novemba mwaka huo mwigizaji na mhusika wake wakahamishiwa The Young and the Restless, tamthilia dada, na huko amepata maisha na heshima aliyonyimwa nyumbani. Namfurahia. Lakini Los Angeles, kwenye hadithi iliyoanza na nyumba mbili zinazotazamana, imebaki nyumba moja inayojitazama yenyewe.

Shangazi sasa anashonea nyumbani, kazi chache, kwa wateja wa zamani wanaokuja na mabinti zao. Mwezi uliopita nilimsimulia kile kifo cha Stephanie, kwa kuwa hakuwahi kukiona, na nikamweleza kuhusu barua ninayoiwazia. Nikamuuliza, kama wewe ndiwe Sally, ungeandika nini?

Alifikiri. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni, hina ilikuwa mpya.

“Ningemwandikia maneno machache,” akasema. “‘Stephanie, usidhubutu kwenda na gauni la kwenu. Vipimo vyako ninavyo. Nguo ya kuondokea nakushonea mimi.’”

Kisha akarudisha mguu kwenye kanyagio.